Fundi kaniambia kitambaa kimeisha. Tuongee kuhusu kitambi, wakuu

MPIMA DAGAA (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Miaka mingi nimekuwa mtu wa kusoma na kupita humu, leo acha nivue shati.

Mimi ni mtu wa dagaa, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Nilianza 2006 nikiwa mbebaji: boti ikifunga unapiga gunia begani, unapanda nalo, unashuka kufuata jingine. Wakati huo nilikuwa mwembamba kama ufito na nilikula ugali wa watu watatu. Sasa hivi nina mizani yangu, vijana wawili, kiti cha plastiki na mwavuli. Kazi yangu ni daftari na simu. Mzigo unafika Kongo mimi sijasogea hata hatua kumi. Ugali wa watu watatu haukupungua.

Mwezi ujao mdogo wangu anaoa Shinyanga. Jumamosi nikachukua suruali ya suti nikampelekea fundi wangu aiachie kidogo kiunoni. Akaigeuza ndani nje, akanionyesha mshono wa nyuma. Kulikuwa na mistari miwili ya matundu ya sindano za zamani, imelala sambamba kama reli. "Bosi, hapa niliachia mwaka juzi. Hapa niliachia Pasaka. Sasa kitambaa kimeisha."

Nikamwambia basi anipime, nishone mpya. Akazungusha tepu, akasoma 43. Nikamwambia hiyo tepu imevutika. Akasema, "Tepu haivutiki, bosi," huku anaandika kwenye kiganja.

Inchi 43 ni sentimita 109. Nimepiga hesabu mara tatu. Urefu wangu ni 170, uzito 96, umri 43, yaani kiuno na umri vimekutana njiani. Jumatatu nikapita kituo cha afya kimyakimya. Presha 152 kwa 96, wameniambia nirudi ipimwe tena siku nyingine mbili kabla ya kuniandikia chochote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula, 6.4.

Naomba kuuliza bila kuchekwa sana: hiki kitambi ni ugonjwa au ni shibe tu? Na aliyewahi kukiondoa, alifanyaje? Chai za kwenye mifuko sitaki, mke wangu ameshanunua mbili, zinaharisha tu.

JIWE LA BISMARCK

Siti ya mbele, karanga mkononi.

Mkuu usikiondoe. Mteja wa Kongo akikuta umekonda atajua mtaji umekata. Hicho kitambi ndiyo leseni yako ya biashara.

KAMONGO

Jiwe wewe una matatizo 😂

Mleta uzi, piga sit-apu mia asubuhi, mia jioni. Mwezi mmoja unaona mapande.

NESI WA ZAMU

Nimetoka zamu ya usiku lakini hii siwezi kuipita. Nitaandika kirefu.

Mmewahi kuchinja mbuzi? Ukipasua tumbo, kabla hujafika kwenye utumbo unakutana na lile shuka la mafuta lililotoboka-toboka kama wavu. Binadamu naye analo. Mafuta ya tumboni yana makazi mawili. Mengine yako chini ya ngozi, hayo unayafinya kwa vidole. Mengine yako ndani, kwenye lile shuka na kuzunguka utumbo, na yakizidi yanaingia hadi ndani ya ini. Hayo huyafinyi. Kuna wanaume wanakuja wana kitambi kigumu, wanakigonga kama ngoma: "Sista, hii ni misuli." Hao ndio ninaowahi kuwafunga mkanda wa presha.

Ubaya wa mafuta ya ndani ni jirani yao. Damu inayotoka sehemu hizo inaingia kwenye ini kabla ya kwenda kokote kwingine, kwa hiyo kila tone la mafuta linaloachiwa huko linapokelewa na ini kwanza. Ini likizidiwa linahifadhi mafuta, na linaanza kumwaga sukari kwenye damu hata kama mwenyewe hujala. Kongosho inatoa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, mwili hauisikii vizuri, inatoa tena zaidi. Inaenda hivyo miaka mingi bila wewe kuumwa chochote, hadi kongosho inachoka. Hapo ndipo mtu anasema "kisukari kimenipata ghafla". Hakuna ghafla hapo. Kilikuwa kinapika polepole tangu suruali ya kwanza kuachiwa mshono.

Mafuta hayohayo yanatoa kemikali zinazochokoza mishipa ya damu, ndiyo maana kitambi, presha, mshtuko wa moyo na kiharusi vinatembea pamoja. Ongeza kukoroma kwa kukata pumzi usiku, saratani ya utumbo mpana, na kwa kina mama saratani ya matiti baada ya kukoma hedhi. Na kwa kuwa najua mtauliza hata kama leo mmejikausha: ndiyo, na nguvu za kiume. Homoni ya kiume inashuka kitambi kinapopanda, na mishipa ya kule chini ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi inaanza kulalamika mapema.

Mpima Dagaa, 6.4 yako bado siyo kisukari. Kwa kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kisukari ni kuanzia 7.0 kabla ya kula. Kati ya 6.1 na 6.9 uko kizingitini, mguu mmoja ndani. Habari njema ni kwamba kizingitini watu wanarudi nyuma. Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari kama yako. Waliowekwa kwenye kundi la kubadili maisha waliambiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito na watembee dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na walioachwa hivihivi. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, walipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 yako wewe ni kama kilo saba. Hakuna mtu anayekudai mapande.

BINTI ISAMILO

Nesi, ubarikiwe. Hebu tuelekeze kupima, maana mimi napima pale penye mkanda na ninajiona malaika.

NESI WA ZAMU

Hahaa, kina baba ndio mabingwa wa hiyo. Mkanda unashuka chini ya kitambi, mtu anakwambia anavaa suruali namba 34 tangu chuo.

Chukua tepu ya fundi. Simama wima, shati juu. Tafuta mfupa wa mwisho wa mbavu ubavuni, halafu tafuta mfupa wa nyonga kwa juu. Katikati ya hiyo mifupa miwili ndipo tepu inapopita. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo, soma. WHO wanasema mwanaume akifika sm 94 hatari imeanza, akipita 102 imekuwa kubwa. Mwanamke ni 80 na 88. Tujue tu kwamba namba hizo zilitokana na vipimo vya Wazungu, sisi wa kusini mwa Sahara tumeziazima kwa kukosa za kwetu, kwa hiyo usizishike kama msahafu. Ukitaka rahisi zaidi, kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mleta uzi nusu yako ni 85.

Mizani peke yake inadanganya. Kuna utafiti wa 2005 wa watu zaidi ya 27,000 kutoka nchi 52 uliochunguza mshtuko wa moyo. Kiuno kikilinganishwa na nyonga kilionyesha hatari vizuri kuliko ile BMI tuliyoizoea, ya kulinganisha uzito na urefu. Mtu anaweza kuwa na kilo 70 na kitambi cha kumuua.

CHUMA CHA PASIANSI

Kamongo acha kupoteza watu na sit-apu zako mia. Mimi nafundisha mazoezi. Sit-apu inajenga msuli ulio chini ya mafuta, haichagui mafuta ya hapo juu yake iyachome. Ingekuwa hivyo, wanaotafuna bazoka kutwa wangekuwa na mashavu ya mifupa. Mwili unachota mafuta unakotaka wenyewe. Kwa bahati, yale ya ndani anayoyasema Nesi huwa hayachelewi kuondoka mtu akianza kujisogeza, hata kabla mizani haijashtuka.

Tena Mwanza tuna bahati, mji wenyewe ni jimu. Panda Isamilo kwa miguu. Panda zile ngazi za mawe za Mabatini au Igogo, ukifika juu uniambie kama unaweza kutaja jina lako. Mara mbili kwa wiki ongeza vyuma au pushapu, maana ukipunguza kula bila kutumia misuli unapoteza na misuli. Na ACHA UGALI. Ugali ndio adui.

MZEE WA SUPU

Wanangu, ugali umeanza lini kuwa adui? Babu yangu Magu alikula ugali miaka themanini na kitu, tumbo lake lilikuwa limeshikana na mgongo.

CHUMA CHA PASIANSI

Shikamoo mzee. Babu alikuwa analima na jembe la mkono. Mjukuu analima na rimoti.

MZEE WA SUPU

Marahaba. Hapo umenifunga.

Lakini acheni niseme kitu kama mtu mwenye uzoefu wa upande wa pili. Kitambi changu hakikutoka kwenye ugali, kilitoka kwenye kaunta. Nilikuwa na meza yangu Kirumba kila jioni. Bia nne, siku za wiki. Wikiendi hatuhesabu. Kuna daktari kijana alinikalisha akanipigia hesabu kwenye karatasi ya dawa: bia ya nusu lita ina kama kalori 200, nne ni 800, hiyo ni sahani ya chakula ambayo haina hata mfupa wa kutafuna. Na mwili una tabia ya kuishughulikia pombe kwanza, ile kitimoto na ndizi ulizosindikizia vinasubiri foleni, vinaenda kuhifadhiwa. "Mzee, wewe hunywi tu, unakula milo mitano."

Sikuacha, nisiwadanganye. Nimebaki na mbili za Jumamosi. Suruali zilizokuwa za marehemu kaka yangu sasa zinanienea.

KAMONGO

Mzee wewe ni shujaa. Na sisi tusiokunywa bia, tunakunywa soda?

MALIMBE 1

Kamongo, chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai. WHO wanashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na wangependa ishuke hadi chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama vijiko sita. Yaani soda moja ya mchana umeshavuka, bado chai ya jioni.

Juisi ya miwa ya pale stendi nayo msiitetee. Asili haimaanishi haina sukari.

LISHE ASILIA

Wapendwa, mambo ya kuteseka na ngazi yamepitwa na wakati! Tuna vidonge na kahawa ya mimea asilia 100%, unapoteza kilo 10 kwa siku 14, huachi kula chochote. Mzigo upo Mwanza mjini, tunakuletea hadi mlangoni. Njoo faragha.

MALIMBE 1

Mods njooni.

Wakuu, kabla hamjaenda faragha. Kilo kumi kwa siku 14 bila kuacha kula haipo, labda ukatwe mguu. Ni mtu wa famasia mimi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, ilikuwa inauzwa rasmi ya kupunguza uzito, ikaondolewa sokoni Marekani na Ulaya 2010 kwa sababu ilikuwa inaongeza mishtuko ya moyo na viharusi. Tangu hapo imeshakamatwa mara nyingi, nchi nyingi, ikiwa imesagwa ndani ya "kahawa" na "vidonge vya mimea" bila kuandikwa kwenye pakiti. Mtu mwenye presha 152 kama mleta uzi anakunywa hiyo akidhani ni majani. Moyo unadunda, hamu ya kula imekata, anasema dawa kiboko. Chai za kuharisha ni afadhali kidogo, zenyewe zinatoa maji na mavi, mizani inashuka, mafuta yako palepale.

Dawa halali za uzito zipo siku hizi, zikiwemo za sindano, lakini hizo ni za daktari na zinafuatiliwa. Siyo za mtu wa faragha.

JIWE LA BISMARCK

"Labda ukatwe mguu" 😂😂 nimemwaga karanga.

BINTI ISAMILO

Naomba na sisi wanawake tuguswe. Nina watoto watatu. Baada ya wa tatu tumbo limegoma. Mama mkwe ananifunga khanga nikiwa sipumui, na maji ya moto juu. Shoga zangu wanasema nimeshiba mahari. Nikilala chali nikiinua kichwa, katikati ya tumbo panatokea kama tuta, lina ncha. Hilo nalo mafuta?

NESI WA ZAMU

Dada, hilo tuta kwa maelezo yako linafanana na misuli ya mbele ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito. Siyo mafuta hayo, na sit-apu za Kamongo zinaweza kulizidisha. Kuna mazoezi yake ya taratibu, mtaalamu wa viungo wa hospitali ya mkoa atakuonyesha. Khanga inakushika ukiwa umeifunga, ukiifungua misuli iko ilivyokuwa. Ukiona kitu kinachomoza kama kifuniko na kinauma, hiyo inaweza kuwa ngiri, usikae nyumbani.

Na hapa niseme jambo la watu wa Ziwa hasa. Siyo kila tumbo kubwa ni kitambi. Mtu mwenye tumbo kubwa, mikono na mashavu yamekonda, huyo asihangaike na mazoezi, aje hospitali. Yanaweza kuwa maji tumboni. Kichocho cha utumbo tunacho kwa wingi ufukweni na visiwani, kikikaa miaka kinalitia ini makovu, damu haipiti vizuri, bandama linavimba, maji yanajaa, na wengine wanaishia kutapika damu. Kwa kina mama tumbo linalokua upande mmoja au gumu chini ya kitovu linaweza kuwa uvimbe wa kizazi au wa ovari. Nimeona dada anapongezwa ujauzito mwaka mzima.

MTU WA UKEREWE

Nilikuwa nataka kumshauri mleta uzi aogelee ziwani kila asubuhi, sasa Nesi umenitisha.

NESI WA ZAMU

Kuogelea ni zoezi zuri kweli. Tatizo ni konokono wa pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia, ndio wanaobeba kile kijidudu, na kinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Wewe wa Ukerewe hukwepi maji, kwa hiyo kapime, na dawa ya kichocho ipo, prazikwanteli, unapewa kwa uzito wako. Mleta uzi atembee nchi kavu.

KAMONGO

Na kufunga je? Mimi nakula mlo mmoja kwa siku, saa kumi na mbili jioni. Wiki ya pili hii. Nimeshuka kilo mbili na hasira zimepanda nne.

NESI WA ZAMU

Kwa mtu mzima asiye na dawa, kufunga kunapunguza kwa sababu moja tu, amekula kidogo. Kama na jioni unafidia yote, umepoteza muda. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi ASIJARIBU bila kuongea na daktari wake. Sukari inashuka hadi mtu anaanguka barabarani, watu wanadhani amelewa.

MPIMA DAGAA (mleta uzi)

Wakuu, narudi baada ya miezi mitatu. Wengi mmeniandikia faragha mkiuliza kama nimekufa.

Harusi ilipita, nilivaa suti ya kuazima. Presha ilipimwa siku zile mbili ikabaki juu, nimeanzishiwa kidonge kimoja, nakimeza kila asubuhi. Sikupenda. Nilitaka kuambiwa kwamba nitembee tu. Nesi wa kule aliniambia kidonge na miguu havigombani.

Nilichofanya hakina hata picha ya kupiga. Nimeacha bodaboda ya asubuhi. Natoka nyumbani Pasiansi natembea hadi Mwaloni. Siku ya kwanza nilitumia karibu saa nzima, nilikaa mara mbili, mara moja kwenye jiwe na mara moja kwa muuza magazeti nikijifanya nasoma vichwa vya habari. Sasa ni dakika arobaini. Jioni narudi na gari kwa sababu jua na mimi hatupatani. Pale kazini nimeondoa kiti. Kweli, nimempa mama wa chai. Daftari naandikia juu ya mizani nikiwa nimesimama.

Ugali: Chuma alisema niache, nimeshindwa, mimi ni Msukuma. Tulichofanya nyumbani ni kubadilisha mpangilio. Mke wangu anapakua mboga kwanza, mlenda au nsansa au kabichi, inajaa nusu sahani. Halafu samaki. Ugali unakuja wa mwisho, ngumi yangu moja. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naiangalia ile ngumi kama mtu anayeangalia nauli pungufu. Sato tunachoma au tunachemsha na nyanya na ndimu, kukaanga ni Jumapili. Mafuta ya kupikia nilikuwa sijui: kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120, na sisi tulikuwa tunamimina kutoka kwenye dumu kwa kukisia. Sasa kuna kijiko. Michembe (viazi vitamu vikavu) na chai imebaki kwa sababu bila hiyo sitoki nyumbani, ila chai haina sukari. Ni mbaya. Nimeizoea ubaya wake.

Tepu leo: 41. Uzito 91.

Sasa niwaambie ambalo hamkuniambia. Kukonda Mwanza ni kesi. Wiki ya nane mteja wangu wa miaka kumi alinivuta pembeni, akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya msibani, "Kaka, siku hizi dawa zipo, watu wanaishi." Nikamuuliza dawa za nini. Akaangalia ziwa. Jirani kamuuliza mke wangu kama biashara imeyumba. Mama yangu kapiga simu kutoka kijijini kuuliza kama nyumbani napewa chakula, na hilo simu lilikuwa la mke wangu kulipokea, mjue. Siku tatu nyumba ilikuwa baridi. Kuna jioni nilinunua chipsi mayai na soda mbili nikala hadharani pale nje ya duka ili watu waone. Ni ujinga, najua. Lakini kuna uvumi ambao ukikupata pale Mwaloni hata mkopo wa magunia hupewi.

BINTI ISAMILO

Mpima Dagaa hilo la kukonda ni kweli tupu. Mimi nimeanza mazoezi ya lile tuta, mama mkwe anasema nafanya ili mwanawe anione msichana tena. Nikamwambia sawa mama, na hiyo imo.

MZEE WA SUPU

Kijana, hapo kwenye chipsi za hadharani ulikosea njia. Ukiulizwa, sema daktari kakukataza. Sisi watu wa Ziwa tunamheshimu daktari kuliko tunavyoheshimu afya.

CHUMA CHA PASIANSI

Ngumi moja ya ugali nakubali. Naondoa kauli ya adui. Lakini mkuu vyuma vipi?

MPIMA DAGAA (mleta uzi)

Chuma, vyuma ni magunia. Kila mzigo ukifika nabeba mawili ya kwanza mwenyewe. Vijana walicheka, sasa wananisubiri niyabebe kwa sababu wao wanapumzika.

NESI WA ZAMU

Piga magoti kuinua, usikunje mgongo. Na usijisahau kupima sukari.

MPIMA DAGAA (mleta uzi)

Mwezi wa saba tangu nianze. Nitakuwa mfupi, kuna boti imefunga.

Sukari ya asubuhi 5.8. Presha 132 kwa 84, na kidonge bado, daktari amesema tuendelee nacho kwanza. Uzito 87. Katikati hapa kulikuwa na wiki tano mizani haikusogea hata kidogo na nilikaribia kudai kiti changu kwa mama wa chai, bahati yake ameshakizoea. Mke wangu anasema sikoromi, au nakoroma kama mtu na siyo kama injini ya boti.

Jana nimerudi kwa fundi na ile suruali ya mistari miwili. Akaivuta nyuma, kitambaa kikajikusanya mkononi mwake. Akaniangalia juu mpaka chini, nikajua anachotaka kuuliza, nikamuwahi: "Daktari kanikataza kula." Akapumua. Akazungusha tepu, 39. Nikamwambia airudishe kwenye mshono wa kwanza kabisa, ule wa dukani.

Akasema kuachia ilikuwa bei moja, kurudisha ni bei nyingine, maana kule nyuma amejaa matundu. Tumebishana, nimelipa.